Wimbo wa Rafu ya Faustino

"Wimbo?" Natalia aliuliza. "Wimbo gani tena?"

Mehjabeen alikuwa amesimama nyuma ya kaunta ya duka la vifaa la baba yake, mzee Kumail Alibhai, hapo Lindi mjini, barua kaishika kwa mikono miwili. Binti huyu ni wakili. Ofisi yake ni kile chumba cha nyuma ya duka, kati ya mabomba na makopo ya rangi, na kesi zake nyingi ni za viwanja. Kesi ya Natalia, ya betri, ilikuwa ya kwanza ya aina yake, na aliipenda kuliko zote.

"Mama Debora, kaa kwanza."

"Sikai. Mtu akishaniambia nikae najua kuna msiba. Soma."

Basi akasoma. Barua ilitoka Dar es Salaam, kwa mkaguzi wa hataza. Hataza ni ile karatasi ya serikali inayosema jambo hili umelibuni wewe na mwingine asilichukue bila ruhusa yako. Na mkaguzi kazi yake ni kupekua dunia nzima aone kama kweli hicho kitu hakijawahi kujulikana. Huyu alikuwa ameyapitia maombi ya Natalia ya "njia ya kuhifadhi, kuchaji na kusafirisha betri za pikipiki bila kuguswa na mkono wa mtu". Alikubali kwamba njia inafanya kazi. Alikubali kwamba ina manufaa. Ila, alisema, si mpya. Ilikwisha kutangazwa hadharani kabla ya maombi kupelekwa, tena kwa vipimo vyake vyote, kwenye video iliyoko mtandaoni ya ngoma ya kumtoa mwali, Rasbura, Lindi, kuanzia dakika ya nne hadi ya tisa. Waimbaji ni wanawake kumi na wanne. Kiongozi wao amevaa kitenge cha njano.

"Mungu wangu," Natalia akasema. "Restuta!"

Akakaa. Kiti hakikuwepo, alikaa juu ya mfuko wa saruji, vumbi likamjaa kwenye gauni la kanisani, na wala hakulipangusa.

Jamani, ili uuelewe mshtuko wa mama huyu lazima nikurudishe nyuma kidogo. Natalia ni mzaliwa wa Mtama. Aliolewa Lindi na Faustino, fundi baiskeli, mtu mpole mpaka watu wakamwona bwege. Pikipiki za umeme zilipoanza kuingia, Faustino akafungua kituo cha kubadilishia betri hapo nyumbani kwao Rasbura. Dereva analeta betri iliyoisha, anapewa iliyojaa, anakwenda zake. Betri zinachajiwa chumba cha uani, zimepangwa juu ya mbao, arobaini kwa mkupuo.

Mchana mmoja, miaka minne iliyopita, betri moja ilivimba ikaanza kutoa moshi. Faustino alikuwa anakula. Akaacha sahani, akaingia, akaikumbatia ile betri kwa mikono yake miwili ili aitoe nje kabla hazijashika zile nyingine. Aliifikisha uani. Nyumba ilipona, mke alipona, binti yao Debora alipona. Yeye alikaa hospitali siku sita, na siku ya tano alimwambia mkewe maneno machache: "Laiti ingejitoa yenyewe."

Baada ya maziko akaja mtu mmoja na kalamu, akazunguka uani nusu saa, akaandika ripoti. Chanzo cha moto: uzembe wa marehemu.

Uzembe! Mtu kabeba moto kifuani ili wenzake wasiungue, halafu anaandikwa mzembe! Natalia aliisoma ile ripoti mara moja tu. Akaikunja, akaisukuma chini ya godoro, na kuanzia hapo kila akijilaza anaihisi mgongoni, ingawa ni karatasi moja na godoro ni la inchi sita. Ukiacha cheti cha kifo, ndiyo karatasi pekee ya serikali aliyobaki nayo yenye jina la mumewe.

Ndipo akaingia kwenye mabati. Mwanamke ambaye hajawahi kushika bisibisi! Miaka miwili alikata, akakunja, akaungua vidole, akatukana, akaanza upya. Alichokuja kukipata ni rafu inayofanya kazi peke yake. Dereva anaweka betri kwenye kisahani mlangoni. Kihisi kinaipima joto. Ikiwa salama, mnyororo wa baiskeli unaipandisha hadi kwenye kikasha chake na inaanza kuchajiwa. Ikipata joto la hatari wakati wowote, mota ndogo ya waipa ya gari inakiinamisha kile kikasha, betri inateleza kwenye bati, inapita dirishani, inatumbukia kwenye shimo la mchanga mkavu huko nje. Hakuna anayeigusa. Iungue huko mpaka ichoke.

Mehjabeen alipoiona ndiye aliyesema, "Hii iombee hataza." Na kwenye fomu, mahali pa majina ya wabunifu, Natalia akamwambia aandike la Faustino kwanza, kwa sababu wazo la betri kujitoa lilikuwa lake. Hilo ndilo alilolitaka. Sio utajiri, sio kupigwa picha. Alitaka karatasi ya pili, yenye muhuri, inayomtaja mumewe kwa jema, ili ile ya kwanza ipate wa kuijibu.

Sasa huo wimbo.

Kwetu huku mwali akitolewa nje, kungwi humtungia mama yake wimbo, umati ujue binti katoka nyumba ya namna gani. Mama mpishi ataimbiwa vyungu vyake, mama mkulima ataimbiwa mikorosho. Zamu ya Debora ilipofika, kungwi alikuwa Restuta, shoga wa Natalia wa siku nyingi, mwanamke mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. Akamjia: "Nikusifu kwa lipi mwenzangu? Maana kupika hujui."

"Nisifu kwa rafu," Natalia akasema.

Na hapo ndipo alipojichimbia kaburi. Asingekuwa yeye, wimbo ungekuwa wa vigelegele tu, rafu nzuri, rafu nzuri, basi. Lakini Natalia hawezi kusikia kitu chake kikitajwa ovyo. Alihudhuria mazoezi yote. Restuta akiimba mteremko wa viganja vinne, Natalia anaisimamisha ngoma: "Vitatu! Vikiwa vinne betri inarukia kwa jirani!" Akawafundisha urefu wa bati, akawafundisha kina cha mchanga, akawafundisha mota inainamia upande gani. Siku yenyewe wanawake kumi na wanne waliimba bila kukosea hata kipimo kimoja:

Rafu ya Faustino, hiyo rafu ya Faustino,
bati futi sita, mteremko viganja vitatu,
betri ikipata homa, mota ya waipa yainama,
shuka mwenyewe, baba, shuka mchangani,
mkono wa mtu usikuguse.

Natalia alilia kwa furaha mbele za watu. Shemeji mmoja wa upande wa Faustino alirekodi, akaipandisha mtandaoni jioni ile ile. Natalia ndiye wa kwanza kumshukuru.

"Lakini si ni sisi wenyewe?" akamuuliza Mehjabeen, bado kakaa kwenye saruji. "Mtu anaweza kujiibia mwenyewe?"

"Ukishakianika kimeshakuwa cha watu, hata kama umekianika wewe. Kuna muda wa msamaha kwa mtu aliyejianika mwenyewe. Sisi tumeupita kwa siku kumi na moja."

"Kumi na moja?"

Mehjabeen aliangalia pembeni, lakini wote wawili walikumbuka. Michoro ilikuwa tayari, fomu iko tayari, inasubiri sahihi tu. Natalia akasema anakwenda kwanza Mtama kumsaidia mama yake kuokota korosho, akirudi atatia sahihi, karatasi haiozi. Alikaa wiki tatu.

Alitoka dukani pale kama kapigwa. Hakupita kwake, alinyoosha moja kwa moja hadi kwa Restuta, akamkuta anachambua mchicha.

"Umeniua, Restuta! Wewe na kitenge chako cha njano!"

Restuta alisikiliza mpaka mwisho, mchicha mkononi, mdomo wazi. Kisha naye akapandisha: "Mimi? Mimi nilitaka viganja vinne! Nani aliyesema vitatu? Ningeimba vinne leo hii ungekuwa na cheti chako!"

Natalia alikaa naye chini, wakachambua mchicha wote.

Mehjabeen hakukubali kushindwa. Baada ya siku mbili alimwita tena, macho yanang'aa. Amepata mlango. Wimbo unahesabika tu kama fundi wa kawaida anayejua betri anaweza kuusikiliza na kuijenga rafu ikafanya kazi. Asipoweza, basi si tangazo, ni ngoma. "Na nani atajenga rafu kwa kusikiliza ngoma, Mama Debora? Wapi dunia hii?" Mkaguzi amekubali kuwasikiliza kwa njia ya video, Alhamisi ijayo.

"Hayupo," Natalia akasema, na kwa mara ya kwanza tangu barua ije akacheka. "Mafundi wenyewe nawajua. Hata mchoro hawausomi."

Jumatatu simu yake ikalia. Namba ngeni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Naitwa Ismael, niko Tingi, huku Kilwa. Namba nimeitafuta mwezi mzima, nimepewa na dereva mmoja wa Lindi. Mama, nakushukuru. Mungu akulipe. Umeniokolea watoto."

Natalia akadhani kakosea namba. Lakini yule kijana aliendelea, maneno yanamtoka kwa kasi, sauti inamkatika. Yeye ni fundi redio, ana kituo kidogo cha betri nyumbani. Aliiona ile ngoma kwenye simu. Akawa anaisikiliza kipande, anaizima, anapima, anakata bati, anaiwasha tena. Viganja alipima kwa mkono wa mkewe, maana waimbaji ni wanawake. Mwezi uliopita, siku ya Ijumaa, yeye yuko msikitini, mke na watoto watatu wamelala chumba cha pili, betri moja ikashika moto. Rafu ikaitema nje. Kilichoungua ni kamba ya kuanikia nguo.

Natalia asingeweza kukwambia kama alishikwa na furaha au na hofu. Alipopata pumzi aliomba maelekezo ya njia, na kesho yake alikuwa Tingi.

Aliikuta imesimama ukutani, ile ile. Mbao za Ismael zilikuwa mbovu kidogo, lakini mteremko aliupima mwenyewe kwa kiganja chake: kimoja, viwili, vitatu. Kwenye bati Ismael alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu, kwa jinsi alivyosikia: RAFU YA FAUSTINO. Nje kulikuwa na mchanga mweusi, na katikati yake kipande cha betri kilichoyeyuka. Mtoto mdogo wa Ismael, wa miaka kama mitatu, alikuwa anakipiga kipande kile kwa kijiti.

Natalia alimtazama yule mtoto kwa muda mrefu. Halafu akamwambia Ismael kila kitu: hataza, mkaguzi, Alhamisi.

Ismael akashika kichwa. "Kwa hiyo mimi ndiye nimekuharibia?"

"Umewaambia nani kuhusu huo moto?"

"Hapa kijijini wanajua. Lakini huko Dar nani atawauliza watu wa Tingi? Mama, ukiniambia ninyamaze, nanyamaza. Ukiniambia niibomoe, naibomoa leo leo."

"Thubutu!" Natalia akafoka, mpaka mtoto akadondosha kijiti. "Uibomoe ulale na nini?"

Lakini kuhusu kunyamaza hakumjibu. Alirudi Lindi na jibu hajalitoa, na kwa Mehjabeen hakupita. Nawaambia ukweli, alikusudia kunyamaza. Alijiapia hivyo kwa siku mbili. Mtu anaidai heshima ya mumewe, amesota miaka minne, wewe ungefanyaje?

Alhamisi wakakaa chumba cha nyuma mbele ya kompyuta, Natalia kavaa gauni lile lile. Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, Bi Yustina, mkavu wa maneno, asiyecheka wala asiyekunja uso. Akaichezesha ile video tokea dakika ya nne. Restuta akajaa kwenye kioo, kitenge cha njano, na Natalia akalisikia jina la mumewe likiimbwa mara kumi na mbili mbele ya serikali.

Mehjabeen akatoa hoja yake vizuri mno. Ngoma ni ngoma. Maneno ya kusifu hayajengi mtambo. Hakuna fundi anayeweza. Bi Yustina akasikiliza, akaandika, akavua miwani.

"Hoja ina uzito," akasema. "Nina swali moja kwa mwombaji. Bi Natalia, kwa unavyojua wewe, yupo mtu yeyote aliyewahi kuijenga rafu hii kwa kuusikiliza wimbo huu?"

Mehjabeen alitabasamu kabisa, maana jibu alilijua. Natalia akafungua mdomo aseme hapana. Neno lilikuwa pale ulimini. Lakini kusema hapana ni kusema ule moto wa Tingi haukutokea, kwamba hakuna betri iliyojitoa yenyewe, kwamba watoto wale watatu walipona kwa bahati tu. Ni kulifuta jambo pekee ambalo Faustino aliliomba.

"Yupo," akasema.

Mehjabeen aligeuka kwa nguvu mpaka kiti kikalia. "Mama Debora!"

"Yupo, mwanangu. Anaitwa Ismael, yuko Tingi. Ameijenga na imewaokoa mke na watoto watatu. Nimeiona kwa macho yangu, nimeipima kwa mkono wangu. Viganja vitatu."

Kwenye kompyuta Bi Yustina akamwomba asimulie yote, taratibu, tangu mwanzo. Natalia akasimulia: betri arobaini, sahani ya chakula, ile betri kifuani, siku sita, neno la siku ya tano, mpaka kamba ya nguo ya Tingi. Mkaguzi aliandika muda wote bila kuinua kichwa.

Walipozima kompyuta, Mehjabeen alilia. Alilia kwa hasira, kama mtoto, hapo katikati ya mabomba. "Ulikuwa umeshashinda. Umeelewa? Ulikuwa umeshashinda." Natalia alimbembeleza yeye, badala ya kubembelezwa.

Wiki tatu baadaye barua ikaja. Natalia aliitwa, na safari hii alikaa mwenyewe juu ya mfuko wa saruji bila kuambiwa. Mzee Kumail alipunguza sauti ya redio. Mehjabeen akasoma kwa sauti iliyopoa.

Maombi yamekataliwa. Natalia akaitikia kwa kichwa. Alishalijua hilo, lakini kulisikia kulimchoma bado.

"Kuna sababu zao," Mehjabeen akasema. "Nisome?"

"Soma tu, umalize."

"'Njia inayoombewa hataza ilikwisha kujulikana kwa umma kwa jina la Rafu ya Faustino.'" Mehjabeen akasita, akasogeza karatasi karibu na macho. "'Kwa maelezo ya mwombaji, rafu hiyo imetokana na wazo la marehemu Faustino, aliyefariki baada ya kuitoa betri inayowaka kwa mikono yake ili kuinusuru familia yake. Maelezo hayo yanaonyesha pia kwamba rafu iliyojengwa kwa kuufuata wimbo huo, kijijini Tingi, Kilwa, ilitoa betri iliyokuwa inawaka, na hakuna aliyedhurika.'"

Natalia alikuwa amesimama na hakumbuki alisimama saa ngapi.

"Rudia."

Mehjabeen akarudia.

"Ina muhuri?"

"Inao. Huu hapa."

Natalia alitoka dukani, akapanda bodaboda hadi Rasbura, na muda si mrefu akarudi anahema, jasho linamtiririka, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne na kulainika kwa kulaliwa. Akaikunjua juu ya kaunta, akailaza kando ya barua mpya. Mzee Kumail akavaa miwani, akasoma ile ya zamani mpaka penye neno uzembe, akamtazama Natalia, akainamisha kichwa.

"Hii ni ya serikali," Natalia akasema, kidole juu ya ile ya zamani. "Na hii ni ya serikali. Zote mbili haziwezi kuwa kweli. Aliyeandika uzembe yupo, ana ofisi, ana meza. Mwanangu, wewe si wakili?"

"Ndiyo, mama."

"Basi andika. Tunaanza leo."

Mehjabeen akavuta kiti, akafuta macho kwa mtandio, akatafuta kalamu inayoandika.